Herufi Nene kwa Filamu ya Mwavuli

Kwa Ndugu Mwenye Duka la Kukodisha Filamu Mtandaoni,

Natumaini hujambo, na tovuti yako haijambo. Mimi ni yule mwashi mstaafu niliyekuandikia nikitaka herufi za tovuti zinenepeshwe. Niliishia darasa la tatu, lakini hilo la tatu nililisoma likaisha. Kuta zangu zimejaa mji huu na hakuna hata mmoja uliowahi kuomba msaada. Kwa hiyo nikilalamika, ujue kuna jambo.

1. Ulinisikia, ukanenepesha. Ahsante. Ila umenenepesha hata zisizostahili. Ukuta mnene hujengwa ubebe ghorofa, haujengwi kuzuia kuku. Nilipoona jina la filamu limesimama kama nguzo, jeusi tii, nikajua humo ndani watu watatoana meno.

2. Hawakutoana. Mzee mmoja anatafuta mwavuli wake mwanzo hadi mwisho. Kwa fundi viatu haupo. Kituoni haupo. Na mvua yenyewe hainyeshi. Nikangoja angalau amzabe kofi fundi viatu, wakanywa chai.

3. Hapa ndipo paliponiuma. Filamu hiyo nilimkodia kaka yangu, mchomeleaji, ambaye hajakanyaga kwangu tangu tulipogombana. Alinitengenezea mlango wa chuma, nikasema umepinda, naye akasema kilichopinda ni ukuta wangu. Mtu na akili zake. Safari hii nikamtuma mama watoto akamwambie kuna filamu ya ngumi, aje. Akaja, akakaa karibu na mlango uleule. Filamu ilipoisha akanyanyuka, akaenda zake. Mke wangu akanitazama kama mtu aliyemwaga mboga ya wageni.

4. Kwa hiyo rudisha herufi nyembamba kama zamani. Nene ziachie ngumi. Filamu za kutafuta vitu ziandikwe kwa herufi za kuinama, mtu ajue mapema kwamba atasinzia.

5. Mimi niteuliwe Mkaguzi wa Herufi. Timazi ya kupimia kama ukuta umenyooka ninayo. Ukikataa nitakuja mwenyewe kwenye hiyo tovuti, na sitabisha hodi.

Nisalimie mkeo, watoto, mlinzi wa hapo, na huyo anayechora herufi. Mwambie mkono anao, kiasi ndicho hana.

Ni mimi, nisiyepinda,
Mwashi Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, kaka amekuja, na kiti chake mwenyewe. Anauliza kama yule mzee aliupata mwavuli, maana pale mwishoni vumbi lilimwingia machoni. Na kwangu lilikuwepo vumbi. Basi tunaikodi tena filamu ileile. Na herufi usiguse hata moja. Zile nyembamba kaka hazioni. Mimi naziona vizuri tu, ila sitaki ajione yuko peke yake.