Mahafali Hewani

Jumatatu, 7 Hamle
Kikao cha idara ya mtandao. Jumamosi ni mahafali na ukumbi hautoshi. Wazazi watakaobaki uwanjani wataangalia kwenye simu. Ayalnesh, mwenzangu, amependekeza televisheni chache za waya, moja iwe wodini, hospitali ya chuo. Waya! Mimi nimependekeza waifai: picha inarushwa mara moja tu, simu zote zinaidaka. Mkuu wetu, Ato Dagnachew, amenikubalia. Kiti cha msimamizi wa mtandao bado ki wazi. Nimekitazama.

Jioni nimepita wodini kwa Emaye Askale. Ndiye aliyetuokea mikate ya injera hapa chuoni miaka yote, na binti yake Hirut anahitimu udaktari. Mama hawezi tena hata kukaa. Akaniuliza kama atamwona. Nimemwahidi atahesabu hata nyuzi za kishada cha kofia yake.

Jumanne, 8 Hamle
Jaribio. Picha ikakatikakatika, kisha waifai ya chuo kizima ikalala. Ayalnesh amenieleza kwa upole, mbele ya watu, kwamba waifai ikisema na wote kwa pamoja husema polepole ili hata simu ya mbali isikie, na kazi nyingine zote hukaa foleni. Ameshauri tupunguze ukubwa wa picha, na wodi ivutiwe waya. Wazo zuri. Lakini si langu.

Jumatano, 9 Hamle
Siku ya mfungo. Mchuzi wa dengu tu, shiro, na akili nyepesi. Nimepata dawa: nimeiamuru waifai isiseme polepole kamwe. Picha safi kama maji! Ato Dagnachew amenishika bega. Ayalnesh akauliza kama nimejaribu wodini, kule mwisho kabisa, nyuma ya mikaratusi. Nikamjibu nimejaribu kila mahali. Ni kweli, kwa ghorofa yetu.

Ijumaa, 11 Hamle
Wodini. Simu ya muuguzi: giza tupu. Aliye mbali hawezi kufuata mwendo wa haraka. Ningerudisha mwendo wa zamani, lakini Ato Dagnachew ameshanisifu kwa rais wa chuo. Nikasukuma kitanda cha Emaye hadi dirishani. Picha ikachomoza! Daktari akaingia, akaamuru kitanda kirudi, akauliza mimi ni nani. Nikasema mtaalamu.

Ayalnesh alikuwa mlangoni. "Mersha ndugu yangu," alisema, "huyu mama hana mahafali mengine ya kusubiri."

Nikamwambia kesho hewa itakuwa nzuri zaidi. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Jumamosi, 12 Hamle
Uwanjani picha safi, vigelegele. Nikakimbilia wodini kwenye tope. Sijui nilitaka kumwambia nini.

Televisheni ilikuwa juu ya toroli la dawa. Waya umepita mikaratusini, ukaingia dirishani. Ayalnesh alikuwa amelowa mpaka viatu. Jina la Hirut likasomwa. Emaye akanyoosha mkono kuelekea kioo.

Kisha akaniona. "Mwanangu, umetimiza ahadi. Nyuzi nimeziona."

Sikumsahihisha. Ayalnesh akanitazama, akainama kukunja waya uliobaki.

Jumatatu, 14 Hamle
Ayalnesh ndiye msimamizi mpya. Watu hawaoni mbali. Nimemweleza Ato Dagnachew kwamba waifai yangu imefika mpaka wodini. Mgonjwa mwenyewe ni shahidi. Mwaka Mpya nitarushia mabweni yote kwa pamoja, kwa mwendo mkubwa zaidi.

Nimeomba pia ule waya uondolewe dirishani. Unachafua sura ya mtandao.