Clovis na Seva Mbili Pacha

Miaka ile Likasi ilipokuwa ikilipana kwa unga, baiskeli na ahadi, fundi wa kompyuta Clovis aligundua kwamba kiwanda kimoja kilichofungwa kiliacha seva mbili kuukuu, pacha kabisa. Moja ilikuwa kwenye zahanati ya uzazi ya Mama Georgette, nyingine kwenye ghala la unga la Mama Viviane huko Kikula. Clovis akamshukuru Mungu kwa pacha hao.

"Mama, hii mashine iko na njala ya memori," alimwambia Georgette, sikio lake juu ya chuma kama daktari. "Nikiongeza, itakimbia!"

"Ongeza, papa. Batoto beko banalia inje. Bila kadi, habapate maziwa, na mashine inatoa kadi moja tu asubui yote!"

Clovis akaenda ghalani "kupangusa vumbi" bure, akachomoa vibao vya memori, akavipachika zahanati. Seva ikakimbia. Georgette akamlipa baiskeli. Seva ya ghala ikaanza kuchechemea, na Clovis, mtu wa huruma, akaitibu kwa vibao vilevile. Viviane akamlipa magunia ya unga. Ya zahanati ikalala tena, na watoto wakalia upya.

Lakini akina mama hao waliimba kwaya moja.

"Yangu ikipona, yako inagonjwa?" Viviane aliuliza baada ya mazoezi. "Dada, ule muntu anatuchezea!"

Wakamwita Clovis.

"Kuko patron moja, tajiri, mu Kakanda," Georgette alinong'ona. "Anatafuta memori ya mupya, mingi. Atalipa na camionnette, gari ya mizigo."

Clovis akauza baiskeli, akauza unga, akanunua memori mpya, za kweli kabisa, Lubumbashi.

"Anataka aone kwanza vile inakimbia," Viviane akasema. "Tia kwetu na kwa Georgette. Atakuja siku ya Yenga, kisha misa."

Akatia. Seva zote mbili zikaruka, kadi zikamiminika, maziwa yakagawiwa.

Jumapili Clovis alikaa mbele kabisa kanisani, shati limepigwa pasi, akimtafuta patron kwa macho. Ndipo Padri akatangaza: "Tumushukuru ndugu yetu Clovis! Ametoa memori bure, juu ya batoto betu!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nani angesimama kusema, hapana, mimi ni mwizi? Clovis akainuka, akainama, akapunga mkono.

Mlangoni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamkumbatia.

"Papa Clovis, Mungu akubariki! Frigo ya kupozesha chanjo nayo imekufa. Utaleta ya mupya lini?"