Ombi la Kuondoa Kazi kwenye Grupu ya Kazi

Kwa Meneja Wafula,
Kiwanda cha Sabuni, Tassia.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: WEWE KULETA MAMBO YA KAZI KWENYE GRUPU

Natumai familia na sabuni zote ziko salama. Mimi ni Ochola wa kufunga katoni. Wenzangu wamenichagua niandike kwa sababu sina hasira za haraka. Jana ulitangaza kwamba Ijumaa unafunga grupu yetu ya WhatsApp, eti tunapiga soga saa za kazi. Kabla hujaifunga, pokea malalamiko yetu.

1. Unaingilia maombi. Jumatatu asubuhi dada Roseline alikuwa akituongoza kwa sala kwenye grupu, amefika kuwaombea wagonjwa, ukauliza, "Mzigo wa Idil umeondoka?" Watu wakaandika "Amina", mmoja baada ya mwingine. Amina hizo zilikuwa za wagonjwa, Meneja. Wewe ukadhani umejibiwa, ukampigia mteja wetu Idil dukani kwake Eastleigh ukamwambia mzigo uko njiani. Mama wa watu akashinda mlangoni akiungoja, na mzigo wenyewe nilikuwa nimeukalia hapa, nikisema Amina kama wengine. Sasa, mtu akiwa anaomba, hata hodi hupigi?

2. Huna salamu. Nangila ametoka tu kutuonyesha mtoto wake ameanza kusimama, nawe chini yake unaandika, "Nani ameacha mtambo ukinguruma?" Kama huna neno la kumsifu mtoto, weka hata kidole gumba. Mtambo umenguruma miaka yote, mtoto anasimama mara ya kwanza mara moja tu.

3. Hili ndilo zito. Wekulo wa getini amefiwa na mama yake, na mazishi ni Jumamosi huko Webuye. Hapa Nairobi Wekulo hana ndugu; ndugu ni sisi. Kamati nzima iko ndani ya grupu: gari la kusafirisha mwili, nani atapika, nani atasimama kuzungumza kwa niaba ya kazini. Ukifunga Ijumaa, utakuwa umetawanya matanga mkesha wa mazishi. Hata adui hungoja kaburi lifunikwe. Wekulo alipoona tangazo lako aliandika tu, "Sawa, mkubwa." Baada ya hapo grupu ilinyamaza, jambo ambalo wewe mwenyewe hujawahi kuliweza.

Kwa hivyo tunaomba kazi ifunguliwe grupu yake, atakayependa ajiunge. Ama mambo ya kazi yajadiliwe saa ya chai, wakati watu hawana shughuli.

Wasalimie mama watoto, mhasibu, na yule fundi wa mtambo ambaye hatujawahi kumuuliza jina.

Wako mtiifu, nikiwa kazini,
Ochola

NB: Nimetumia karatasi kwa sababu simu nimeizima. Tangu niizime, katoni za leo zimeisha na chai bado haijaiva. Nakuomba kwa siri, unitoe kwenye grupu. Ila ionekane ni wewe umenitoa. Mtu akijitoa mwenyewe katikati ya matanga, siku yake atazikwa na nani?