Ufunguo wa Kabati la Mitungi

Jumatatu, 6 Novemba 1961. Nosy Be.
Mzungu anaondoka! Miaka kumi na tisa nimekuwa naibu wake kwenye mtambo wa mafuta ya maua ya langilangi, nikimshikia mwavuli na kumeza matusi yake. Uhuru ulifika mwaka jana, kwangu bado. Sasa imekuja barua ya Mkurugenzi kutoka Mahajanga: msimamizi mpya atakuwa mtu anayejua kugawa kazi na kuwaamini walio chini yake. Mimi! Nani mwingine? Nyumba ya msimamizi ina baraza pande tatu. Nimegawa kazi mpaka alasiri. Hasnati, mkuu wa wachumaji, atawasha moto na kukeneka mafuta. Attoumane atapima maua. Kila mmoja kapewa karatasi yenye sahihi yangu, na mistari miwili chini ya sahihi.

Jumanne, 7 Novemba. Melini.
Sasa mpango wenyewe, maana daftari halina mdomo. Kazi nimeigawa yote. Ila ufunguo wa kabati la mitungi ya shaba, ile ya kupokelea mafuta, ninao mfukoni. Bila mitungi hakuna mafuta. Maua huchumwa alfajiri, na yasipoingia mtamboni asubuhi hiyo hiyo yanachacha. Basi yachache! Mimi nitakuwa Mahajanga, mbele ya Mkurugenzi, habari zitakapomfikia: Fazul akiondoka, kila kitu kinasimama. Hasnati aliniuliza ufunguo uko wapi. Nikamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Akanitazama kama samaki wa juzi. Simpendi. Wachumaji wanamwita dada. Mimi wananiita Bwana Karatasi.
Nimetapika mara nne.

Alhamisi, 9 Novemba. Mahajanga.
Nimefikia kwa shemeji yangu Zalifa, ambaye amesema kanzu yangu inanuka mafuta ya taa. Ofisini karani kasema Mkurugenzi kasafiri, nisubiri. Kasafiri wapi? Sikuuliza. Safari za mkubwa haziulizwi. Nimekaa kwenye benchi kutwa nzima na viatu vipya vinavyobana. Nimempelekea Hasnati telegramu: waendelee kwa bidii. Nimecheka peke yangu mpaka karani akanitazama.

Jumamosi, 11 Novemba. Mahajanga.
Benchi lile lile. Kisha telegramu! Nikaifungua mbio. Nilingoja kilio. Hasnati anaarifu kwamba kazi inaendelea, mafuta ni ya daraja la juu kabisa, Mkurugenzi yuko hapo, anauliza mimi niko wapi.
Yuko huko! Meli yake na yangu zimepishana baharini, na mimi nimekalia benchi lake siku tatu.

Jumatano, 15 Novemba. Nosy Be.
Nimesimuliwa yote, na kila msimulizi alikuwa anatabasamu. Asubuhi ya kwanza bila mimi maua yalifika, kabati limefungwa. Hasnati hakulia. Aliagiza mabirika ya shaba ya chama cha wanawake, yale ya kunawishia wageni harusini. Wakayasugua kwa ndimu na majivu, wakayatega chini ya bomba. Mafuta yakatoka safi. Mkurugenzi akaingia saa nne, akakuta kila mtu ana kazi yake na anaijua. Hasnati akampa naye birika alishike. Akalishika! Nusu saa!
Na nani mtunzaji wa mabirika ya chama? Sittou. Mke wangu. Yalikuwa sandukuni, chini ya kitanda ninacholalia. Nimemuuliza kwa nini ameyatoa. Amesema aliombwa kwa adabu. Kisha ameuliza kama nina ufunguo wowote wa kumrudishia mtu.
Nimeingia bafuni, nikamwaga maji kwa kata ili asinisikie nikilia. Miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 17 Novemba. Nosy Be.
Hasnati ndiye msimamizi. Baraza ni lake, pande zote tatu. Baada ya sala ameniita, akanipa kiti. Kiti hicho kimeniuma kuliko matusi yote ya Mzungu. Amesema yaliyopita si ndwele. Amenikabidhi kabati la mitungi, akasema sasa lina funguo mbili: mmoja nikae nao, mwingine nimpe Attoumane leo hii, ili kazi isisimame mmoja wetu akisafiri. Amesema ananiamini. Nikamshukuru, ulimi mchungu.
Jumatatu nasafiri. Mpwa wa Zalifa anaoa huko Boanamary, karibu na Mahajanga, na karamu zitachukua siku kumi. Nimekaa kibarazani kwangu nikatafakari kwa utulivu mara ya kwanza nilikosea wapi. Nimepaona.
Attoumane hajapata ufunguo wake. Zote mbili ziko mfukoni mwangu. Wa tatu ni wa sanduku la Sittou.