Saa Iliyopanda Kwenye Tangi

Jumatatu, 3 Juni
Sijamwambia mtu yeyote: sipandi paani kuanika taulo. Napanda kuupima muda.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeniponza. Siku ya mwisho ya masomo alisema, huku anafuta ubao, kwamba muda hukimbia zaidi juu kuliko chini, ila tofauti ni ndogo mno. Wenzangu walikuwa wanafunga mabegi. Mimi nikaduwaa. Mpaka leo nimeduwaa.

Sasa nimemaliza shule, naishi kwa shangazi na kuosha vichwa katika saluni yake. Baba anataka nisomee ushonaji. Lakini shangazi ni dada yake mkubwa. Akikohoa tu, baba anakubali. Ameahidi kwamba nikijituma wiki hii, Jumapili atanisemea nikasome fizikia. Kwa hiyo wiki hii ni adabu tupu. Na utafiti kidogo.

Jumanne, 4 Juni
Saluni ina saa ya ukutani. Pacha yake iko sebuleni kwetu, haina betri. Nimetoa betri nzima ya saluni nikaitia hiyo ya sebuleni, maana inayopanda ndiyo inayohitaji nguvu. Ya saluni nimeiwekea betri ya rimoti, ile ambayo lazima uipigepige kwanza. Nikazilinganisha. Moja ukutani, moja paani juu ya tangi la maji. Sayansi!

Binamu yangu, bingwa wa umbea, akaniuliza nafanya nini huko juu. Nikasema naanika taulo. Akauliza taulo ziko wapi. Nikasema zimeshakauka.

Jumatano, 5 Juni
Saa ya paani imeitangulia ya saluni kwa dakika tano! Mwalimu alisema tofauti ndogo mno. Maskini, hajawahi kupanda kwenye tangi letu. Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nikaosha kichwa cha mteja mara mbili, kimya kimya.

Binamu ameanza kuniita Profesa Taulo.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Bibi harusi kaja kunyoosha nywele, ndoa Jumamosi. Shangazi kampaka dawa, akaniambia nitazame saa ya ukutani, robo saa ikitimia nimwoshe. Akatoka kwenda dukani. Nimeaminiwa!

Punde bibi harusi akasema, mdogo wangu, kichwa kinawaka. Nikatazama saa. Bado, mshale unajikokota. Akasema kinawaka kwelikweli. Nikajikaza, mimi ambaye hata salamu huitoa kwa shida, nikamweleza kwamba huku chini muda huenda polepole, avumilie tu. Akaniuliza kama nina akili timamu. Binamu akaangalia saa kwenye simu yake, akapiga ukelele.

Tulipomwosha, nywele za mbele zikaondoka na maji. Nilizitazama zikizunguka kwenye sinki mpaka zikazama.

Ijumaa, 7 Juni
Shangazi kamkata nywele fupi, kamwomba radhi nusura apige magoti. Mimi naona amependeza. Yeye amesema mengine.

Binamu kapanda paani, kaishusha saa kwa mbwembwe kama kamkamata mwizi. Shangazi kauliza nani kagusa betri. Nikakiri. Hakufoka. Alisema tu kwamba Jumapili atazungumza na baba, tena atazungumza vizuri. Kwaheri fizikia. Hodi cherehani.

Jumapili, 9 Juni
Baba kaja. Nimesikiliza nyuma ya pazia. Shangazi kamwambia, huyu mtoto mpeleke akasome fizikia yake, na chuo kiwe cha mbali. Baba akauliza, na ushonaji je? Shangazi akasema, huyu? Umpe na sindano?

Nimekubaliwa! Sayansi imeshinda!

Nimelitafakari kosa langu kwa makini na nimeliona: tangi ni fupi. Bweni la chuo nasikia lina ghorofa tisa. Saa ya paani iko tayari ndani ya sanduku langu, chini ya sweta. Nimeitia betri mpya, ile ambayo shangazi aliinunulia saa ya saluni jana. Ya rimoti nimeirudisha palepale ukutani, nimeipigapiga vizuri.

Wewe unayesoma, nakuomba sana, usimwambie shangazi. Angalau mpaka basi langu liondoke.