Uma wa Springi na Kibuyu cha Leparua

Jumatatu, 12 Januari 2026

Kosa la watu wengi wanaofunga uma wa springi, ule unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli, ni moja. Wanauliza kama utaingia. Hawaulizi utasimama kimo gani. Mimi nimefundisha fizikia hapa Isiolo mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitauliza yote mawili.

Sababu ya haraka: binti yangu Leila anakuja Jumamosi. Ndiye aliyeniletea baiskeli hii ya saiklokrosi kutoka Nairobi. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo, tairi nyembamba zenye meno. Imetengenezwa kwa ajili ya mbio za matopeni. Hapa hatuna matope. Tuna mawe. Nimeanguka njia ya Leparua, nikaanguka tena, na Istar, mke wangu, alimpigia Leila simu kabla sijajipangusa vumbi. Leila amesema akikuta jeraha jipya, anaiondoa baiskeli. Nitakuwa mzee wa kiti cha plastiki mlangoni, nikitazama malori ya Moyale.

Dawa ni springi.

Jumanne, 13 Januari

Fundi Ekiru ana uma wa springi, umetoka kwenye baiskeli ya milimani iliyokufa. Nilimweleza polepole kwamba tunapima kutoka ekseli hadi pale uma unapokutana na fremu. Alisikiliza kwa heshima. Akasema itaingia tu, Mwalimu.

Nilipima. Mrefu kuliko ule wa zamani kwa vidole vinne. Nikamweleza kwamba springi hushuka mtu akikaa, hivyo vidole vinne vitakuwa kimoja. Akasema ndiyo, Mwalimu, akachukua nyundo.

Breki ya mbele haikupata mahali pa kufungwa. Ekiru aliuliza kama naihitaji sana. Nilifikiri. Nikamweleza kwamba mwendeshaji makini hutumia ya nyuma.

Jumatano, 14 Januari

Springi haishuki. Nimekaa, nimeinama mbele, nimerukaruka. Haijui kama nipo. Istar alisema hesabu yangu ni ya yule mwalimu wa zamani aliyekuwa akila githeri ya shule. Huyu wa sasa ni kanzu tupu.

Mbele kumeinuka. Gurudumu linazurura linakotaka, kama mbuzi sokoni.

Jattani, jirani yetu, alipita akatoa salaam, akaizunguka baiskeli. "Hii si baiskeli, Mwalimu. Hii ni swala twiga anafikia majani ya mgunga." Yeye ana blakimamba, lile libaiskeli jeusi la chuma kitupu. Hajaanguka hata siku moja. Nikamweleza kwamba haanguki kwa sababu haendi popote. Akasema kila wiki anaenda Leparua kuona mbuzi wake.

Sikuwa na habari hiyo.

Alhamisi, 15 Januari

Nimepata. Kinachokosekana ni mzigo wa mbele. Dada yangu Fahmo anaishi Leparua na ng'ombe wake. Nitafunga kibuyu cha maziwa lala, yale ya kugandishwa, juu ya uma. Springi itashuka, gurudumu litatulia. Na Leila, aliyeyapenda maziwa ya shangazi yake tangu utotoni, atayanywa kama ushahidi kwamba baba yake alikwenda na akarudi mzima.

Istar alisema jiwe lingetosha. Jiwe halinyweki.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kwenda kulikuwa kwema, kwa sababu nilisukuma. Fahmo alijaza kibuyu, nikakifunga, springi ikashuka kama nilivyotabiri. Haikukubali kutulia. Kila nilipokanyaga pedeli, mbele iliinama ikainuka, ikainama ikainuka. Nusu ya nguvu zangu iliingia kwenye springi na haikutoka. Jua lilikuwa kali. Kwenye mteremko wa mto mkavu nilikata kulia. Gurudumu likakata kushoto. Breki ya nyuma ilifanya ilichoweza.

Kiwiko. Kibuyu hakikupasuka. Nilimshukuru Mungu kwa kibuyu.

Jattani alinikuta mchangani. Akatoa salaam kana kwamba tumekutana dukani. Tuliingia mjini yeye akisukuma baiskeli yangu, mimi nimeegemea yake. Leila alikuwa mlangoni.

Nilimpa kibuyu kabla hajakitazama kiwiko. Akamimina kikombeni. Yakatoka maji meupe kidogo. Kisha, taratibu, bonge la siagi.

Jattani alisema kina mama kwao husukasuka kibuyu asubuhi nzima wakiimba, kumbe Mwalimu ameunda mashine. Leila alicheka mpaka akakaa chini. Nilijua nimepona. Halafu akauliza breki ya mbele iko wapi.

Nilianza kueleza. Akaacha kucheka.

Jumapili, 18 Januari

Leila ameondoka. Basi lilikataa baiskeli nzima, akachukua gurudumu la mbele, akalipakata mapajani kama mtoto. Aliniambia, "Aabo, mimi nataka baba. Sitaki kuitwa nyumbani kwa mazishi."

Uma umeegemea ukuta, hauna kitu miguuni. Istar ameweka kiti cha plastiki kando yake. Nilikaa. Malori yalipita, mengi. Hakuna dereva aliyenipungia mkono.

Jumatatu, 19 Januari

Nimelala, nimetafakari, na naona kosa lilipokuwa. Uma hauna hatia. Gurudumu lilikuwa jepesi mno. Gurudumu zito lingeukandamiza uma chini bila kibuyu, na lenye uzito huo ni moja tu mtaa huu: la mbele, la blakimamba ya Jattani. Nitaliazima. Nimemuuliza Ekiru. Amesema itaingia tu.

Jattani akitoka kuswali adhuhuri hulala, na baiskeli yake huegemea ua wetu.

Kazi ya leo: chukua futi, nenda uani, pima gurudumu la Jattani.