Karani Wangu, Bwana Pym

Halifax, Jumatatu, 2 Machi 1874

Barua kutoka London! Bi Rosalba Fenwright, mwigizaji anayejaza kumbi kila aendako, amekataa kuja kuigiza katika ukumbi wangu, Albion. Si kwa sababu ya tamthilia. Si kwa sababu ya baridi. Anasema hafanyi kazi na meneja anayejiandikia barua mwenyewe. Mameneja wa maana wana makarani. Penhallow, mwenye ukumbi wa ng'ambo ya barabara, anaye. Tena mwenye kola ngumu!

Basi na mimi nimepata wangu. Anaitwa Erasmus Pym. Msomi, mtaratibu, hadai mshahara, kwa kuwa hayupo. Nimemwandikia Bi Fenwright kwa jina lake, mwandiko nimeulaza kushoto. Mke wangu Keziah, anayeigiza vikongwe na kushona mavazi yetu yote, alichungulia begani kwangu. "Ambrose," akasema, "kuwa mtu mmoja kumekushinda, leo unataka kuwa wawili?"

Hajui biashara, maskini.

Alhamisi, 5 Machi

Ushindi! Bi Fenwright anafikiria kuja. Ila barua imeanza "Mpendwa Bwana Pym". Mimi nilikuwa "Bwana" tu, upendo haukuwapo. Anamuuliza Pym anamvumiliaje Tuffnell, yaani mimi, mtu ambaye barua zake ni ndefu kama mazishi ya askofu. Nilimjibu papo hapo. Ilibidi Pym akiri kwamba mimi ni mzigo kidogo. Kwa adabu tu. Lakini aliandika kwa hisia zaidi kuliko nilivyomruhusu.

Jumamosi, 7 Machi

Amekuja mjane Bi Oldroyd, mwenye jengo. Mkataba wetu wa kupanga unaisha mwezi huu, na Penhallow anaunyemelea. Nilijikunyata nikingoja matusi, maana wiki iliyopita tuliunguza pazia lake la jukwaa. Kumbe amesoma barua ya Pym ya kuomba radhi. Aliisoma mara mbili, akalia.

"Kijana huyo amelelewa," alisema. "Wewe sijui ulikuwa wapi wenzako wakilelewa."

Anataka Pym aende kwake kunywa chai. Nikasema ana mafua. Mchana ukaletwa mchuzi wa kondoo, bakuli zima, wa Pym. Nikaunywa. Keziah aliomba kijiko kimoja, nikamwambia ni wa mgonjwa.

Jumatatu, 9 Machi

Usaliti! Penhallow amemwandikia Pym. Nimeifungua barua, nani angenizuia? Anamtaka ahamie kwake, atapewa ofisi yenye moto na dirisha. Mimi sina ofisi yenye moto! Nilitaka Pym akatae kwa maneno makali. Badala yake nikajikuta nimemwacha aulize dirisha linatazama wapi.

Keziah anasema hajawahi kuona mtu akijiibia mfanyakazi. Nimemwambia anyamaze. Sikumsemesha Pym siku nzima.

Jumatano, 11 Machi

Bi Fenwright anakuja Ijumaa! Amekubali kuigiza, kwa sharti moja: sehemu ya nne ya tamthilia iondolewe. Anasema inachosha, na ana hakika Bwana Pym anakubaliana naye. Sehemu ya nne niliiandika mimi, kwa machozi yangu. Jibu la Pym: anakubali kabisa, na amekuwa akitamani kusema hivyo tangu zamani.

Sikujua kwamba ananiona hivyo.

Ijumaa, 13 Machi

Maangamizi. Bi Fenwright ameingia na masanduku yake. Bi Oldroyd ameingia nyuma yake na mkataba mkononi. Wote wawili, kwa sauti moja: Bwana Pym yuko wapi?

Niliona njia moja tu. Nikasema nimemfukuza asubuhi hii. Kwa nini? Nikasema ulevi.

"Pym? Mlevi?" Bi Fenwright alishika kifua kama anavyoshika jukwaani, lakini safari hii bila malipo. "Mtu anayeandika vile? Labda wewe ndiye uliyemfundisha kunywa!"

Bi Oldroyd aliuliza kama nimemtupa barabarani na mafua yake. Kisha akasema jengo lake hamkodishii mtu katili, heri alichukue Penhallow. Watu wangu wote walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, kazi zao ziko mdomoni mwa mjane yule.

Ndipo Keziah akatua sindano. Akasema kwa upole kwamba Bwana Pym alikuwa akimwamini yeye, na kwamba akipewa ukumbi ataendesha mambo kama Pym angetaka.

"Na huyu?" aliuliza Bi Oldroyd, akininyooshea mwavuli.

"Huyu nitamtafutia kazi, mama."

Mkataba ukatiwa saini pale pale, kwa jina la Keziah.

Jumapili, 22 Machi

Jana tulianza maonyesho. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Sehemu ya nne haikuwapo, na hakuna aliyeiulizia. Bi Fenwright aliitwa jukwaani tena na tena. Mimi niliigiza maiti ya mfalme. Keziah anasema nilipumua sana. Penhallow ametoa tangazo gazetini: anamtafuta Bwana Pym, popote alipo.

Nimekaa na kutafakari kwa dhati. Kosa langu nimelijua. Nilimfanya Pym kuwa mtu mwema mno, kila mtu akampenda, akanipanda kichwani. Hiyo haitatokea tena.

Kuanzia kesho Keziah atapokea barua kutoka kwa wakili wa London, Bwana Thaddeus Grimthorpe, akimtaka anirudishie umeneja mara moja. Mkali. Hana mafua, hana hisia, hapendwi na mtu yeyote. Nimekwenda kumwomba Keziah wino.

Ameniuliza: wa watu wangapi?